Farasi wa Yennenga na Uziwi wa Uhakiki wa Afrika Mashariki

Lipo dai ambalo limezagaa mno katika kumbi za mihadhara za Afrika Mashariki hata limeacha kuhitaji ushahidi. Dai lenyewe ni kwamba tamasha la filamu la Ouagadougou, lijulikanalo kwa kifupi kama FESPACO, ni shughuli ya Waafrika watumiao Kifaransa. Kwamba lilizaliwa kwa fedha za Paris, huendeshwa kwa lugha ya Paris, na kwa hivyo mhakiki wa fasihi ya Kiswahili hana haja ya kulijua zaidi ya kulitaja katika tanbihi. Mwanafunzi hulipokea dai hili kutoka kwa mwalimu wake kama mtu anavyorithi shamba asilojua mipaka yake, naye akihitimu hulikabidhi kwa wanaomfuata. Chembe ya ukweli imo ndani yake, na chembe hiyo ndiyo iliyolipa umri mrefu. Lakini likipimwa kwa historia ya tamasha na kwa filamu zilizotuzwa huko, linaporomoka; na linapoporomoka linamwangukia yule yule aliyelijenga.

Historia hiyo yafaa ianzie mahali panapostahili, yaani kwenye milango ya majumba ya sinema. Katika miaka ya 1960, usambazaji wa filamu katika nchi za Afrika zilizokuwa makoloni ya Ufaransa ulikuwa mikononi mwa kampuni mbili za Kifaransa, COMACICO na SECMA. Mwelekezi wa Kiafrika aliyefanikiwa kukamilisha filamu alikuwa hana pa kuionyeshea. Ni kana kwamba mwandishi wa riwaya angeishi katika nchi ambayo maduka yote ya vitabu yanamilikiwa na mtu mmoja, na mtu huyo haishi nchini humo wala hasomi riwaya za huko. Mwezi Februari 1969, wapenzi wa sinema mjini Ouagadougou, wakiwa na kamati iliyoongozwa na Alimata Salembéré, waliandaa juma la filamu za Kiafrika. Nchi tano za Afrika ziliwakilishwa: Volta ya Juu yenyewe, Senegal, Niger, Côte d'Ivoire na Cameroon. Ukumbi ulikuwa ni wa kituo cha utamaduni cha Ufaransa na Volta, na hapa ndipo ilipo ile chembe ya ukweli.

Wanaoitegemea chembe hiyo, hata hivyo, husita kuufungua ukurasa unaofuata. Mwaka 1970 serikali ya Volta ya Juu iliyataifisha majumba ya sinema, ikaunda shirika la umma la kuyaendesha na kusambaza filamu. Kampuni zile mbili zilijibu kwa kuinyima nchi filamu. Ilikuwa ni nchi maskini isiyo na bandari, ikishindana na wenye hodhi ya biashara ya filamu katika eneo zima. Tarehe 7 Januari 1972 tamasha likapewa jina lake la sasa na hadhi rasmi kwa amri ya serikali, na mwaka huo huo mashindano yakaanza. Mshindi wa kwanza akawa Oumarou Ganda wa Niger kwa filamu yake Le Wazzou polygame. Mtoto wa Paris angeanzaje maisha yake kwa kugombana na kampuni za Paris? Swali hili halijibiwi na wanaoshikilia dai lile, kwa sababu aghalabu hawajui kwamba ugomvi wenyewe ulikuwako.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi angepaswa kusimama kwa muda mrefu zaidi mbele ya tuzo yenyewe. Tuzo kuu ya FESPACO huitwa Farasi wa Yennenga. Yennenga, kwa mujibu wa mighani ya Wamossi, alikuwa binti wa mfalme wa Wadagomba, shujaa wa vita ambaye baba yake alikataa kumwoza kwa kuwa alimhitaji katika jeshi. Akatoroka akiwa juu ya farasi, farasi akamchukua hadi msituni, huko akakutana na Rialé, mwindaji wa ndovu. Mtoto wao akaitwa Ouedraogo, yaani farasi dume, na watawala wa Wamossi hujihesabu kuwa wa uzao wake. Basi tamasha ambalo mhakiki wa Nairobi hulikataa kwa kuwa si fasihi limeifanya mighani kuwa nembo yake, na kila baada ya miaka miwili mighani hiyo husimuliwa upya mikononi mwa mshindi. Waliowahi kufundisha visa vya Fumo Liyongo na wasione chochote cha kulinganisha hapa wamejinyima somo zima.

Mighani hiyo nayo inalishtaki tamasha. Tangu 1972 hadi 2025 hapana mwelekezi wa kike aliyewahi kukabidhiwa Farasi wa Dhahabu. Mwaka 2023 farasi wa fedha alikwenda kwa Apolline Traoré wa Burkina Faso kwa filamu ya Sira, na wa shaba kwa Angela Wamai wa Kenya kwa filamu ya Shimoni. Dhahabu ikaenda kwa Youssef Chebbi wa Tunisia kwa Ashkal. Binti aliyemkimbia baba aliyetaka kumtumia bila kumpa haki yake anaendelea kubebwa juu juu na wanaume. Wapo watakaosema kwamba majopo hutazama filamu, hayatazami jinsia. Kwa zaidi ya nusu karne? Udhuru wa namna hiyo hautakiwi kukubaliwa na mhakiki yeyote aliyewahi kuhesabu majina katika orodha ya vitabu vya kutahiniwa.

Suala la lugha ndilo kiini cha mjadala. Nchi zitumiazo Kifaransa zinadhaniwa kuwa ndizo zilizomeza lugha ya mkoloni bila kutafuna, ilhali Afrika Mashariki hujisifu kwa Kiswahili na kwa mjadala mrefu wa lugha ya fasihi ya Kiafrika. Hebu mlinganisho huu upimwe kwa filamu. Ousmane Sembène alikuwa mwandishi wa riwaya kwa Kifaransa. Alipotambua kwamba watu aliowaandikia hawakuweza kumsoma, aligeukia kamera. Na mwaka 1968, katika Mandabi, aligeukia Kiwolofu. Masharti ya fedha alizopata kutoka Ufaransa yalimlazimu kutengeneza nakala mbili, moja ya Kifaransa na nyingine ya Kiwolofu, na ile ya Kiwolofu ndiyo iliyodumu katika historia. Hayo yalitendeka takriban miaka kumi kabla ya majaribio ya tamthilia ya Kigikuyu kule Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977. Haisemwi hivi ili kupunguza uzito wa Kamĩrĩĩthũ, ambako watu walilipia lugha yao kwa kifungo na uhamisho. Inasemwa kwa sababu mjadala huo husimuliwa katika idara za Afrika Mashariki kana kwamba ulianzia Limuru na kuishia Limuru.

Aliyemfuata Sembène hakuwa mmoja. Souleymane Cissé wa Mali alishinda Farasi wa Yennenga mara mbili, mwaka 1979 kwa Baara na mwaka 1983 kwa Finyé, zote mbili zikiwa za Kibambara. Idrissa Ouedraogo alishinda mwaka 1991 kwa Tilaï, filamu ya Kimoore. Cheick Oumar Sissoko mwaka 1995 kwa Guimba, ambamo manju na ufundi wake wa maneno ndio uti wa mgongo wa kisa. Gaston Kaboré mwaka 1997 kwa Buud Yam, nayo ya Kimoore. Kwa upande wa pili wa mizani, Ghana ilikuwa nchi ya kwanza itumiayo Kiingereza kushinda, mwaka 1989, kwa Heritage Africa ya Kwaw Ansah. Afrika Kusini ikafuata mwaka 2005 kwa Drum, na Nigeria mwaka 2007 kwa Ezra. Zote tatu zinazungumza Kiingereza kwa sehemu kubwa. Hivyo wale wanaodaiwa kuwa watumwa wa Kifaransa walishinda kwa Kibambara na Kimoore, nao warithi wa Kiingereza wakashinda kwa Kiingereza. Ni kweli kwamba kanuni hii ina mapengo: Pièces d'identités ya Mweze Ngangura, iliyoshinda mwaka 1999, ina Kifaransa kingi. Lakini mapengo hayo hayatoshi kuligeuza sura umbo la jumla.

Kisa cha Wend Kuuni, filamu ya Kaboré ya mwaka 1982, kinatosha kuonyesha jinsi neno linavyoweza kuficha kitu. Filamu hiyo inahusu mvulana aliyeokotwa porini akiwa bubu, akalelewa na jamaa wa kijiji kingine, na mwishoni akarejewa na sauti baada ya kushuhudia jambo la kutisha. Mazungumzo yake ni ya Kimoore. Mwaka 1985 ilipewa tuzo ya César nchini Ufaransa. Ilituzwa katika kundi gani? Katika kundi la filamu bora ya nchi zitumiazo Kifaransa! Filamu nzima inahusu bubu anayerejeshewa sauti yake, kisha Paris inatangaza kwamba sauti hiyo ni ya Kifaransa. Kosa hili lilifanywa na Wafaransa kwa manufaa yao. La kushangaza ni kwamba mhakiki wa Afrika Mashariki hulirudia bure, bila hata kulipwa.

Upo upinzani mmoja ulio mzito kuliko mengine, nao hauwezi kupuuzwa. Fedha za filamu hizi zilitoka wapi? Ufaransa, ambayo kwa amri ya Laval ya mwaka 1934 ilikuwa imewabana Waafrika wasipige filamu katika makoloni bila ya kibali, ilifungua mwaka 1963 ofisi ya filamu katika Wizara yake ya Ushirikiano na kuanza kufadhili waelekezi wa Kiafrika. Anayelipa hutazama anachokilipia. Wahakiki wa Afrika Magharibi wenyewe wamelalamika kwa muda mrefu kuhusu filamu za vijiji visivyo na mwaka wala kodi wala redio, vijiji vilivyopambwa kwa ajili ya macho ya watazamaji wa Cannes. Lawama hiyo ni ya haki kwa baadhi ya filamu. Ila haina nguvu kwa Sarraounia ya Med Hondo, iliyoshinda mwaka 1987 na ambayo imetokana na riwaya ya Abdoulaye Mamani: kisa cha malkia aliyelikabili jeshi la Ufaransa ni vigumu kukiita pambo la kumfurahisha Mfaransa. Isitoshe, hoja ya fedha ikikubaliwa kikamilifu, itafuta sehemu kubwa ya fasihi andishi ya Afrika Mashariki yenyewe, ambayo wachapishaji wake wa mwanzo walikuwa matawi ya kampuni za London. Hakuna anayependekeza kwamba riwaya hizo ziondolewe katika silabasi kwa sababu ya anwani ya mchapishaji.

Pengo la Afrika Mashariki katika orodha ya Ouagadougou lina chanzo kingine, nacho kiko karibu na nyumbani. Kati ya 1935 na 1937, Waingereza waliendesha jaribio la filamu za mafunzo kwa Waafrika, kituo chake kikiwa Vugiri katika milima ya Usambara. Filamu zilihusu kilimo, afya na kuweka akiba. Maelezo yalitolewa kwa santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyinginezo. Kiswahili, kwa hivyo, kiliingia katika filamu mapema kuliko Kiwolofu cha Sembène kwa zaidi ya miaka thelathini. Kiliingia kikiwa sauti ya bwana shamba. Mtu aliyeonekana katika picha hakuwa ndiye anayesema, alisemewa. Ufaransa ilizuia kamera kisha ikaitoa kwa masharti, wakati Uingereza iliitoa mapema kama bomba la kunyunyizia dawa. Urithi huu wa pili ulidumu baada ya uhuru katika filamu za wizara na za mashirika ya maendeleo, ambazo lugha yake ni Kiswahili sanifu kisicho na mtu ndani yake. Kama uhakiki wa Kiswahili ungetaka kueleza kwa nini Ouagadougou ilisikia Kibambara kabla ya kusikia Kiswahili, hapa ndipo pa kuanzia.

Hata hivyo Kiswahili kilisikika huko, na ni aibu kwamba jambo hili halijulikani. Mwaka 1985, Arusi ya Mariamu, filamu fupi ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill iliyotengenezwa Tanzania, ilituzwa Ouagadougou. Kisa chake kinahusu mwanamke mgonjwa, mganga wa jadi, na hofu iliyozikwa tangu utotoni. Ni maudhui ambayo tamthilia za Kiswahili za miaka hiyo hiyo zilikuwa zikiyashughulikia, nazo zimeandikiwa tasnifu nyingi. Mwaka 2019, tamasha lilipotimiza miaka hamsini, Rwanda ilikuwa mgeni wa heshima na Joel Karekezi akashinda kwa The Mercy of the Jungle, kisa cha askari wawili wa Rwanda waliopotea katika misitu ya Kongo, ambamo Kiswahili husikika pamoja na Kifaransa na Kinyarwanda. Mwaka huo huo Samantha Mugatsia alituzwa kuwa mwigizaji bora wa kike kwa Rafiki ya Wanuri Kahiu. Mabishano kuhusu Rafiki nchini Kenya, iliyopigwa marufuku Aprili 2018 na kuruhusiwa kwa siku saba tu mwezi Septemba, yaliishia kwenye maadili na sheria. Namna vijana wa filamu hiyo wanavyopishanisha Kiswahili na Kiingereza, na maana ya kupishanisha huko kati ya mzazi na mtoto, haikupata nafasi katika mabishano hayo. Hilo lilikuwa jukumu la wahakiki wa lugha na fasihi, si la wanasheria.

Kutokana na hayo lawama ya kweli dhidi ya FESPACO inadhihirika, nayo si ile inayorudiwa siku zote. Jopo la waamuzi husikiliza filamu kupitia tafsiri ya chini ya picha. Askari akisema Kiswahili cha Kivu, mfanyabiashara akimjibu kwa Kiswahili cha Dar es Salaam, tafsiri ya Kifaransa au ya Kiingereza huwafanya wote wawili waseme kwa sauti moja. Tofauti ambayo kwa msikilizaji wa Bukavu inaweza kuwa ni suala la uhai, kwani lafudhi humtambulisha mtu kuwa mwenyeji au adui, humfikia mwamuzi ikiwa imepigwa pasi. Kibambara na Kimoore nazo hupatwa na hali hiyo kwa waamuzi wasiozijua. Tamasha lililofanya kazi kubwa ya kuzipa lugha za Kiafrika jukwaa halijawahi kupata njia ya kuzipa masikio. Aidha, kwa miaka mingi lilishikilia kanuni kwamba filamu ya mashindano makuu iwe imechapishwa kwa ukanda wa milimita 35, na halikuilegeza hadi mwaka 2015, wakati ambapo Lagos, Dar es Salaam na mtaa wa River Road jijini Nairobi zilikuwa zimekwisha kujenga masoko mazima ya filamu za kidijitali. Kanuni hiyo iliitwa ya ubora. Kwa vitendo ilikuwa kanuni ya bei, na waliotengwa nayo wengi walikuwa wa nchi zisizopata ufadhili wa Ulaya.

Uhusiano wa tamasha na serikali nao unahitaji macho makavu. Tangu amri ya 1972 tamasha ni mali ya dola. Thomas Sankara alilipa hadhi ya kimapinduzi katika matoleo ya 1985 na 1987. Akauawa tarehe 15 Oktoba 1987, na toleo la 1989 likaendelea chini ya Blaise Compaoré, mwenzake aliyechukua madaraka siku ile ile. Matoleo ya 2023 na 2025 yalifanyika chini ya utawala wa kijeshi. Ni utawala huo pia uliopitisha, mwezi Desemba 2023, mabadiliko ya katiba yaliyokiondolea Kifaransa hadhi ya lugha rasmi, kikabaki kuwa lugha ya kazi sambamba na Kiingereza, huku lugha za taifa zikipandishwa. Mtetezi wa lugha za Kiafrika anajikuta hapa katika hali ngumu: hatua aliyoidai kwa miaka mingi imechukuliwa na watu ambao hakuwachagua mtu. Kuishangilia bila masharti ni upofu. Kuipuuza kwa sababu ya waliochukua hatua hiyo nako ni kukwepa kazi.

Ni katika mazingira hayo ambapo Farasi wa Dhahabu wa mwaka 2025 alimwendea Dani Kouyaté kwa Katanga, la danse des scorpions. (Msomaji wa Kiswahili asiharakishe kufikiria Lubumbashi: Katanga hapa ni jina la mhusika.) Ilikuwa mara ya kwanza kwa Burkina Faso kushinda tangu Buud Yam mwaka 1997. Kouyaté ni mwana wa ukoo wa manju, na filamu yake ya 1995, Keïta! L'héritage du griot, ilijengwa juu ya utendi wa Sundiata. Safari hii amechukua Macbeth ya Shakespeare, akaitia ndani ya ufalme wa kubuni, kwa picha nyeusi na nyeupe, na wahusika wote wakizungumza Kimoore. Jemadari anatabiriwa ufalme, anaumwagia damu, na damu haikauki. Kwamba kisa cha jemadari anayempindua mfalme wake kilishinda mjini Ouagadougou katika mwaka huo ni jambo ambalo kila aliyekuwa ukumbini aliweza kulifasiri kwa siri ya moyo wake.

Kiswahili kilikuwa na Macbeth yake mapema zaidi. S. S. Mushi aliitafsiri mwaka 1968, mwaka ule ule wa Mandabi, wakati Julius Nyerere naye akiwa ameshughulika na tamthilia nyingine za Shakespeare. Tafsiri hizo zimejadiliwa kwa wingi kama mizani ya uwezo wa lugha: je, Kiswahili kinamudu vina na urari wa Mwingereza? Kouyaté hakuuliza Kimoore kinamudu nini. Aliuliza Wamossi wangeitumiaje hadithi hiyo, akawaachia mpiga ramli, baraza la mfalme na methali za wazee kazi ambayo katika matini ya asili hufanywa na wachawi na mashairi. Mswada wa Mushi na filamu ya Kouyaté vingeweza kuwekwa meza moja katika semina ya uzamili, pamoja na mtu mmoja anayejua Kimoore vizuri, na mjadala wa tafsiri ukaanza upya pale ulipokwama. Kwa sasa kozi za fasihi linganishi zinaendelea kumlinganisha Shakespeare wa Kiswahili na Shakespeare wa Kiingereza.